Kipima oksijeni cha kidoleni: nimekaa nacho miaka miwili, na mzee wangu ni mweusi tii

Nianze na bei mana najua ndio mtu anayotafuta kwanza. Nilikinunua Kariakoo kwenye duka la vifaa vya hospitali kwa elfu 35, huku kwetu Mbagala duka la dawa walikuwa wanakiuza elfu 50 kitu kilekile boksi lilelile. Kinatumia betri mbili ndogo zile za rimoti, nimebadilisha mara tatu tu kwa miaka miwili, kioo kinaonekana vizuri hata gizani umeme ukikatika, na kibanio chake (kama kile cha kuanikia nguo) bado kinabana vizuri, ile raba ya ndani haijachanika. Kwa upande wa kifaa chenyewe kama kifaa sina lawama. Jina la kampuni sitalitaja kwa sababu nitakayoyasema hapa hayahusu kampuni moja, yanahusu karibu vyote vinavyouzwa madukani.

Ninachotaka kusema ni hiki, kama wewe au mgonjwa wako ni mweusi, namba inayosomeka pale (asilimia ya oksijeni kwenye damu) inaweza kuwa nzuri kuliko hali yenyewe ya mgonjwa. Na mimi nimejifunza hivyo kwa baba yangu mzazi.

Ilikuwa mwaka juzi mwezi wa sita, mzee alianza kikohozi na homa ya jioni. Ana miaka 71, mtu wa Newala, mweusi tii wa kung'aa, amefanya kazi za kubeba magunia ya korosho na baadae ujenzi, sio mtu wa kulalamika. Ijumaa nikampima, 95. Nikasema afadhali, mana nilikuwa nimesikia tangu enzi za korona kwamba 94 kwenda juu hakuna shida. Tukaenda kituo cha afya, nesi akaweka cha kwake, 94, malaria hakuna, tukapewa antibiotiki na dawa ya kikohozi tukaambiwa oksijeni yake iko vizuri turudi nyumbani. Tukarudi. Jumamosi 94. Jumapili mchana 94. Mimi kila nikiona ile namba moyo unatulia, naenda kuendelea na shughuli zangu, na hapo ndipo ninapoumia mpaka leo nikikumbuka.

Jumapili usiku nilimpelekea uji. Akachota kijiko kimoja, akakiweka chini, akapumzika, akachota tena, kijiko kinatetemeka mpaka uji unamwagika kwenye shuka, alafu akaniuliza "kaka yako" akanyamaza akavuta pumzi "ameshafika?" Yaani sentensi ya maneno matatu hakuweza kuimaliza kwa pumzi moja. Nikambana kidole nikasoma 93. Nikabaki nimesimama na bakuli mkononi najiuliza 93 na 94 si ni kitu kimoja tu, tusubiri kukuche.

Aliyetuokoa ni jirani yangu. Ana mtoto wa siko seli kwa hiyo hospitali anazijua kuliko sisi wote hapa mtaani. Aliingia kumjulia hali mzee, akamwamkia shikamoo baba, mzee akajibu kwa kutikisa kichwa. Akanigeukia akaniambia mama nanihii achana na hiyo namba, mfunue shati umwangalie mbavu. Tukamfunua. Kila akivuta pumzi pale chini ya mbavu panaingia ndani kama kitambaa kinavutwa, na pua zinapanuka. Akatoa simu akaweka saa tukahesabu dakika nzima, pumzi 34. Mtu mzima aliyetulia anavuta 12 mpaka 20 hivi. Hatukusubiri kukuche, bajaji ikaitwa muda uleule.

Kule hospitali kubwa kidogo daktari kijana alimwamkia mzee, akamwambia toa ulimi, akamfunua mdomo wa ndani, akahesabu pumzi mwenyewe, wakati mashine ya ukutani inaonyesha 92. Akasema nataka damu ya ateri, yaani ya mshipa unaotoa damu kwenye moyo. Hii ni tofauti na damu ya kawaida, wanachoma pale kwenye mkono wanapoangaliaga mapigo, inauma na mzee alikunja uso kidogo tu. Majibu yakaja 85. Mashine 92, damu 85, mtu yuleyule saa ileile. Akawekewa oksijeni hapohapo, akakaa nayo siku sita, nimonia ya pande zote mbili. Alipona, namshukuru Mungu, sasa hivi ninavyoandika yuko nje anawafokea watoto wasiguse mapapai yake.

Daktari nilimuuliza imekuwaje. Akaniambia mambo mawili, kwanza vidole vya mzee vilikuwa vya baridi na damu ilikuwa haifiki vizuri kule mwisho na hiyo peke yake inaharibu kipimo, pili hivi vifaa vinajulikana kuwasomea watu weusi juu kuliko uhalisia. Nataka niwe mkweli, kwa mgonjwa mmoja huwezi kusema ni rangi tu ndio imefanya. Lakini hilo la pili lilinikaa kichwani nikaanza kusoma, na nilichokikuta kimenikasirisha kwelikweli.

Kifaa kinafanyaje kazi? Upande mmoja kuna taa mbili, nyekundu unayoiona na infraredi usiyoiona. Mwanga unapita kwenye kidole, upande wa pili kuna sensa inayopima umebaki kiasi gani. Damu yenye oksijeni inapitisha nyekundu kwa wingi na inameza infraredi zaidi, damu iliyopungukiwa oksijeni inafanya kinyume. Aliyegundua namna ya kuhesabu hivyo kwa kufuata mapigo ya moyo ni injinia wa Kijapani, Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden, mwaka 1974, na kiukweli ni ugunduzi uliookoa roho za watu wengi sana, simbezi hata kidogo, bila hiki kidude kumlaza mtu usingizi wa operesheni ilikuwa kubahatisha. Lakini sensa haioni oksijeni moja kwa moja, inaona uwiano wa mwanga, alafu inaangalia kwenye jedwali lililokaririwa ndani kwamba uwiano huu maana yake ni 95, huu ni 90. Jedwali hilo linapatikana kwa kuchukua watu wazima wenye afya, wanapunguziwa hewa ya oksijeni kidogo kidogo huku wanatolewa damu ya ateri, wanalinganisha. Kwa hiyo swali lote liko hapo, hao watu walikuwa ni nani. Wengi walikuwa na ngozi nyeupe. Melanini, ile rangi ya ngozi yetu, inameza sehemu ya mwanga kabla haujafika kwenye damu, kwa hiyo hesabu iliyotengenezewa ngozi nyeupe ikiletwa kwenye ngozi nyeusi inapotoka, na mara nyingi inapotoka kwenda juu.

Na sio kwamba hawakujua! Mwaka 1990 kule Marekani madaktari Amal Jubran na Martin Tobin waliandika kabisa kwamba kwa wagonjwa weusi wa ICU (wodi ya mahututi) kipimo hiki kinakosea mara nyingi zaidi kuliko kwa wazungu. 1990! Mimi nilikuwa bado mtoto. Ikapita miaka 30 mpaka korona ilipofika ndio Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan wakatoa utafiti Desemba 2020 kwenye jarida la madaktari la New England Journal of Medicine. Walichukua vipimo ambavyo kifaa kimesema 92 mpaka 96, yaani hali inayoonekana salama, wakalinganisha na damu ya ateri ya wagonjwa haohao. Kwa wazungu asilimia 3.6 ya vipimo hivyo damu ilikuwa chini ya 88, kwa weusi asilimia 11.7. Zaidi ya mara tatu. Nilipofika kwenye hizo namba nilirudia kusoma mara mbili, mana mzee wangu ndio hapohapo alipokuwa, 92 ukutani na 85 kwenye damu.

Mwaka 2022 ukatoka utafiti mwingine wa watu wa Johns Hopkins, huu ndio ulioniuma zaidi, unaonyesha kwamba wagonjwa wa korona weusi na Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) walichelewa kutambuliwa kuwa wanastahili dawa kwa sababu namba ya kidoleni ilikuwa inadanganya wako sawa. Sasa kumbuka kipindi kile maneno yaliyokuwa yanasemwa. Uingereza ofisi yao ya takwimu ilitoa mwezi wa tano 2020 kwamba wanaume weusi wanakufa kwa korona zaidi ya mara nne ya wazungu ukilinganisha umri, na hata walipoweka hesabu ya hali ya maisha, makazi na mambo mengine ikabaki karibu mara mbili. Watu wakaanza kutafuta majibu kwenye damu zetu, mara jeni, mara vitamini D. Sisemi kidude cha kidoleni ndio kiliua hao wote, hapana, kulikuwa na kazi za kukutana na watu, nyumba za kubanana, kisukari na presha, mengi. Lakini kama kipimo kinachoamua nani alazwe na nani arudishwe nyumbani kinampendelea mmoja, basi tofauti ya vifo huwezi kuihesabu yote kuwa ni ya mwili wa mgonjwa. Sehemu yake iko kwenye plastiki ya elfu 35.

Naomba nitoke nje ya mada kidogo mana hili ndio linalonichanganya zaidi. Hiyo siko seli ya mtoto wa jirani yangu, hiyo kweli ni ya kurithi na kweli kuna jamii zinaipata zaidi. Lakini angalia inafuata nini. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, kwenye miaka ya 1950 alipima damu za makabila ya Afrika Mashariki akakuta chembe ya siko seli ni nyingi kwa watu wa pwani na wa ziwa Victoria na ni adimu kwa watu wa nyanda za juu, sababu ni malaria, anayerithi upande mmoja tu wa wazazi malaria kali inamwogopa. Kwa hiyo haikufuata weusi wala weupe, ilifuata mbu. Wachagga na Wasukuma wote ni weusi ila hapo hawafanani. Upande mwingine kuna figo. Kule Marekani ile hesabu ya kukadiria figo inavyofanya kazi kwa kutumia kreatinini (uchafu wa kwenye damu ambao figo huuchuja), mpaka 2021 ilikuwa ukiwa mweusi unaongezewa alama, figo zako zinaonekana nzima kuliko zilivyo, kwa hiyo mtu mweusi anachelewa kuingia kwenye foleni ya kupandikizwa. Waliiondoa Septemba 2021, na 2023 hospitali zikatakiwa kurekebisha muda wa kusubiri wa wagonjwa weusi walioathirika. Sasa weka hivi vitu pamoja. Kwenye mwanga wa taa rangi ya ngozi ina maana kabisa, mtoto wa darasa la tatu anajua kitu cheusi kinameza mwanga, hapo waliisahau. Kwenye figo zilizo ndani huko ambako rangi ya ngozi haina kazi, hapo waliikumbuka wakaiweka. Na kote kuwili anayechelewa kutibiwa ni mweusi. Mimi hilo siwezi kulinyamazia.

Nirudi kwenye kifaa. Kuna jambo muuzaji alinifanyia ambalo najua na wewe utafanyiwa. Alinibana kidole palepale dukani, ikatoka 98, akasema unaona dada, hii haikosei. Baadae nyumbani tulijipima wote, mimi 98, mama 97, wifi yangu ambaye ni maji ya kunde 98, mzee alivyopona 97. Hakuna tofauti hata kidogo! Kwa sababu ukiwa mzima hakikosei sana, kosa linakua kadiri oksijeni inavyoshuka, yaani kinakuangusha siku ile unayokihitaji. Kwa hiyo kukijaribu dukani kwenye kidole cha mtu mzima hakuthibitishi chochote zaidi ya kwamba betri zipo.

Kingine, soma boksi. Vingi vinavyouzwa huku vimeandikwa kwa maandishi madogo kwamba ni vya mazoezi na michezo, sio vya matibabu. Kule Marekani vya aina hiyo mamlaka yao ya dawa na vifaa, FDA, haivikagui kabisa kabla ya kuingia sokoni. Na hata vile vya hospitali wanavyovikagua, mwongozo wa 2013 ulikuwa unasema jaribu kwa watu 10 tu, na weusi wakiwa wawili au asilimia 15 inatosha. Wawili! Januari 2025 wametoa rasimu mpya inayopendekeza watu 150 au zaidi na ngozi zipangwe kwa skeli ya Monk yenye rangi 10, ambayo aliitengeneza Ellis Monk, profesa wa Harvard. Uingereza nao walikuwa na kamati yao chini ya Margaret Whitehead, ripoti ikatoka Machi 2024, nayo ikasema hili ni tatizo la kweli. Ni vizuri, lakini ni vifaa vijavyo, hiki nilichonacho kwenye droo kimetengenezwa kwa utaratibu wa zamani na ndicho kilichojaa Kariakoo.

Vitu vidogo vingine nilivyovigundua kwa kukitumia:

Hina na piko. Harusi ya mdogo wangu mama alipakwa piko mpaka kwenye ncha za vidole, kesho yake akasikia kizunguzungu, nikambana kidole kikaleta vistari tupu, nikabadilisha vidole vyote kumi hakuna. Nikambana kidole gumba cha mguu ambacho hakikuwa na piko, ikasoma 97. Rangi ya kucha nayo futa, hasa nyeusi na zile za giza. Kucha bandia ndefu hata kidole hakiingii vizuri.

Mkono wa baridi usipime, usugue kwanza au uweke kwenye maji ya uvuguvugu. Mgonjwa akae, mkono utulie, subiri kama dakika nzima mpaka namba iache kuruka ndio usome. Watu wengi wanasoma ile ya kwanza wanatoa.

Hili la moshi msilichukulie poa. Mtu akilala na jiko la mkaa ndani milango imefungwa, ile hewa ya sumu inashika damu na kifaa hiki kinaiona kama ni oksijeni, kitakuandikia 98 mtu anakufa. Ukimkuta mtu kwenye hali hiyo usihangaike kutafuta kifaa, mtoe nje apate hewa, kimbiza hospitali.

Je nimekitupa? Hapana, na simshauri mtu akitupe. Ninavyokitumia sasa hivi ni tofauti. Nilimpima mzee akiwa mzima kabisa, asubuhi na jioni wiki nzima, nikajua kawaida yake ni 97. Kwa hiyo leo nikiona 93 sisemi iko karibu na 94, nasema imeshuka nne kutoka kwenye kawaida yake, na hiyo ni safari ya hospitali. Shirika la Afya Duniani wanasema chini ya 90 mtu apewe oksijeni, sawa, lakini kwa mzee wangu mimi sisubiri 90 ya kidoleni, mana 90 ya kidoleni kwake inaweza kuwa 80 na kitu ya kwenye damu. Na kabla sijabana kidole nahesabu pumzi kwanza dakika nzima, naangalia mbavu, naangalia midomo kwa ndani na ulimi, mana kwa mtu mweusi ule ubluu wa kukosa hewa kwenye ngozi ya nje hauuoni. Namsikiliza anavyoongea, anamaliza sentensi au anaikata.

Na ukifika hospitali wakakwambia namba ni nzuri na wewe unaona mtu wako anahangaika, usione aibu kusema naomba mumhesabie pumzi. Sema kwa heshima lakini sema. Kama ni hospitali yenye uwezo uliza kuhusu damu ya ateri. Mimi ile Ijumaa sikusema kitu, niliona nesi anajua kuliko mimi na mashine inajua kuliko nesi.

Nyota nakipa tatu kati ya tano. Moja nimekata kwa sababu ya yale maandishi madogo ya boksi ambayo hakuna muuzaji anakuonyesha, nyingine nimekata kwa ajili ya mzee. Ukinunua usizidishe elfu 40, chagua chenye kioo kinachoonyesha na mawimbi ya mapigo sio namba peke yake, mana mawimbi yakiwa dhaifu au yanakatikakatika unajua hata namba haiaminiki. Cha kwangu nimekibandikia plasta nyeupe kwa nyuma nimeandika kwa kalamu ya wino mzito, Baba 97, pumzi 16, ili hata nisipokuwepo kaka au wifi akikichukua aanzie hapo.